Kinanda Kisicho na Upepo

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kutukuta tukibishana juu ya ngeli, viambishi na maneno mapya yanayokataliwa mitaani. Leo twaomba ruhusa ya kuandika habari ya nyumbani kwetu, ingawa nayo, kama itakavyoonekana, ilianza kwa neno moja lililosikika vibaya. Neno lenyewe ni kinanda, na mahali liliposikika vibaya ni ukumbi wa mizigo wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, mwezi wa Januari mwaka 2023, tulipokuwa tukirudi kazini kutoka likizo ya Tanga.

Uwanja ule twaufahamu tangu mwaka 2017. Sudan Kusini ilikuwa imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka uliotangulia, na shule moja ya binafsi mjini Juba ilikuwa ikitafuta mwalimu wa Kiswahili. Siku hizo abiria walipokelewa mahemani, juu ya sakafu ya mbao iliyolia kwa kila hatua, na mizigo ilimwagwa pamoja ili kila mtu achague chake kama achaguavyo samaki sokoni. Jengo jipya la abiria lilifunguliwa mwaka 2018. Januari hiyo tunayoisimulia palikuwa na pilikapilika zaidi ya kawaida, kwa kuwa mji ulikuwa ukijitayarisha kumpokea Papa Francis, ambaye alitua hapo tarehe 3 Februari.

Mzigo wetu ulikuwa wa ajabu kidogo, twakiri. Palikuwa na fremu ya mbao iliyofungwa kamba, mafungu ya vipande virefu vya mninga vipatavyo thelathini, sanduku la karatasi lenye safu mbili za vibao vya kupigia tulizozinunua zikiwa zimekwisha kutumika huko Kariakoo, na mfuko wa nyaya. Afisa aliyetuita mezani alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Alizitazama mbao, akaitazama hati yetu ya kazi.

“Mwalimu, hii ni nini?”

“Ni kinanda,” tulijibu.

Nje, ndege moja nyeupe ya Umoja wa Mataifa ilikuwa ikinguruma tayari kuondoka. Binti akainamisha sikio.

“Kitanda?”

Tukaitazama ile fremu na vile vipande vyake, tukaona kwamba hakukosea sana. Mtu yeyote angeviita chaga. Tukarudia neno letu polepole, kama tufanyavyo darasani, na hapo akacheka, akatujibu kwa Kiswahili cha upande wa Kenya, chepesi, kisichojali ngeli.

“Mimi nimesoma Kakuma, Mwalimu, Kiswahili naijua. Kinanda ni ile ya kanisa. Mtu anakaa, miguu inasukuma, upepo inaingia, inalia. Sasa hii, upepo inaingia wapi?”

Hatukumsahihisha. Mtu aliyejifunza lugha yetu kambini, akaibeba hadi kwao, akaitumia kwa swali zuri namna ile, hastahili kukatizwa kwa sababu ya *inaingia* badala ya *unaingia*. Tena swali lenyewe lilitushinda. Tulisema kwamba upepo wake umo ndani ya kompyuta, naye akawageukia wenzake, akawatafsiria kwa Kiarabu cha Juba, wote wakacheka, na sisi pia.

Hata hivyo karatasi ilikuwa mbele yake, nayo ilitaka jina la kitu. Mwalimu wa lugha akasimama pale kama mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani. Jina la Kiingereza twalijua. La Kiswahili? Baadaye tulijiuliza kwa nini hatukusema tu “mbao na nyaya”, tukajiokolea robo saa. Lakini ugonjwa wa kazi ni ugonjwa. Tukasema: “Andika kinanda pepe.”

Hapa wasomaji watatuvumilia kidogo. *Pepe* sote tumeizoea katika *barua pepe*, na siku hizi twaiona ikibandikwa kwa kila kitu kinachoishi ndani ya kompyuta bila mwili. Masikioni inasikika kama jamaa wa *pepea* na *upepo*, kitu chepesi kirukacho. Lakini muulize mkulima wa mpunga pepe ni nini. Atakuonyesha punje iliyokamilika kwa sura, ganda lake zima, na ukiibana kwa kidole ndani hamna kitu. Basi tulikuwa tumeuandikisha mzigo wetu kuwa kinanda kilicho ganda tupu, na tulitambua hivyo tukiwa tumesimama pale pale, wakati binti akiandika. Tukalipa kilichostahili, tukapewa stakabadhi, na mbao zikatiwa alama ya chaki, chaki ile ile ya darasani. Hakuna aliyetuuliza juu ya kitu kilichokuwa katika mfuko wa shati letu, kipande cha plastiki kisichozidi kidole gumba. Wala si kitu cha kutozwa ushuru. Lakini kinanda chenyewe kilikuwa humo.

Yatupasa sasa kurudi nyuma.

Marehemu baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mpigaji kinanda wa kanisa dogo la misheni, na kinanda hicho alikiweka nyumbani kwetu kwa sababu kanisani paezi lilivuja. Kilikuwa kile ambacho watu wazima miongoni mwa wasomaji watakikumbuka: kabati la mbao, vibao sitini na kimoja, na chini yake makanyagio mawili yanayovuta mivukuto. Ukikanyaga, hewa hupita kwenye ndimi nyembamba za shaba, kila noti na ulimi wake, nazo hutetemeka zikalia. Mwaka 1989 kiharusi kilimshika baba mguu wa kulia. Mkono ulipona, mguu haukupona. Akakaa majuma mawili bila kukigusa kinanda, kisha jioni moja akatuita, akatuketisha sakafuni miguuni pake, akatuonyesha makanyagio. Tangu siku hiyo yeye alipiga juu, na sisi tulivukuta chini kwa mikono. Tulikuwa na umri wa miaka tisa. Tulikuwa hatuwaoni watu, hatuoni vibao, twaona tu viatu vya baba, kimoja kikitikisika na kimoja kimetulia. Tulipochoka, sauti ilishuka, naye hakugomba. Alikata wimbo pale pale mwisho wa mstari, akatungoja, akaendelea. Waumini wakazoea kuimba hivyo, na kwaya ya kanisa lile hata leo huvuta pumzi ndefu mahali ambapo kwaya nyingine hazivuti.

Baba alifariki mwaka 2019, na sisi tulikuwa Juba.

Wataalamu watatukosoa upesi, wakisema kwamba chombo cha baba si kinanda cha mabomba. Ni kweli. Katika Afrika Mashariki vinanda vya mabomba ni vichache, kila kimoja kikijulikana kwa mahali pake: kiko cha Namirembe mjini Kampala, kiko cha Kanisa Kuu la All Saints Nairobi, na kiko cha Mkunazini, Unguja. Hiki cha mwisho ndicho tulichokisikia kwanza, tulipokuwa tukisomea Stashahada ya Elimu na tukavuka bahari pamoja na wenzetu kuona mji. Kanisa lile, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, na askofu aliyelisimamia ni Edward Steere, yule yule ambaye kitabu chake cha mwaka 1870 juu ya lugha ya Kiswahili cha Unguja kiliwafundisha wageni wengi sarufi yetu. Tulikwenda kwa ajili ya Steere. Tulikaa kwa ajili ya kinanda. Mtu alikuwa akijizoeza peke yake, akashika noti moja ya chini kwa mguu, na benchi tulilolikalia likatetemeka. Tukawaza: laiti baba angalikuwa na hii.

Hilo ndilo wazo tulilolibeba miaka ishirini bila njia ya kulitimiza, kwani mwalimu hanunui kinanda cha mabomba. Bomba la sauti ya chini kabisa katika safu ya kawaida lina urefu wa futi nane, karibu mita mbili na nusu. Katika safu ya miguu ni futi kumi na sita, karibu mita tano. Nyumba yetu ya kupanga huko Thongpiny, jirani na uwanja wa ndege, haina dari ya urefu huo. Ndipo mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu, akatuambia habari za vinanda vya kompyuta.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Mtu huingia kanisani usiku, na kwa maikrofoni hurekodi kila bomba peke yake, tangu linapoanza kulia hata mwangwi wake unapozimika ukutani. Rekodi hizo, maelfu kwa kinanda kimoja, huwekwa katika programu ambayo huzitoa moja moja kwa amri ya vidole. Programu iliyolitangaza jambo hili duniani ni Hauptwerk, iliyotolewa mwaka 2002, nayo huuzwa. Iko nyingine iitwayo GrandOrgue, ambayo ni ya bure na kila ajuaye anaweza kuusoma na kuurekebisha utunzi wake. Hatuna haja ya kueleza ni ipi tuliyoichagua. Kinanda cha kwanza tulichokifungua ndani yake ni cha kanisa la Friesach, mji mdogo wa Austria, kilichorekodiwa na Piotr Grabowski, Mpoland ambaye amewagawia watu kazi hiyo bila malipo. Tuliwaza jinsi mtu wa Poland alivyokesha katika baridi ya Austria ili mwalimu wa Tanga apate kupiga noti huko Juba.

Kuunganisha si kazi ya jioni moja. Seremala wa Konyo Konyo alitutengenezea upya ubao mmoja wa miguu uliovunjika njiani, akatumia msaji wa Ikweta, hata leo safu yetu ina ubao mmoja wa rangi nyingine. Chini ya kila ubao tuliweka kipande cha sumaku na swichi yake, na nyaya zote zikaishia katika kibamba kimoja cha umeme. Vibao vya mikono vilikuwa na njia yao tayari. Msomaji afahamu kwamba kibao cha namna hii hakina sauti. Kinachotoka humo ni nambari tu, kwa mfumo wa MIDI ambao watengenezaji wa ala za muziki waliuafikiana mwaka 1983. Kila noti ina nambari kati ya 0 na 127, ile ya katikati ikiwa 60, na kibao huiambia kompyuta maneno mawili tu: sitini imebonyezwa, sitini imeachwa. Huueleza pia kasi ya kidole, lakini kinanda cha mabomba hakijali kasi. Umguse kwa hasira au kwa huruma, bomba hulia vile vile.

Ujumbe huo hupita katika njia kumi na sita, na hapa ndipo tulipopoteza siku tatu. Safu zetu zote mbili zilikuwa zimewekwa na kiwanda katika njia ya kwanza. Tukipiga safu ya juu, ya chini nayo ikajibu. Tukivuta sauti ya filimbi mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukapiga filimbi. Ilikuwa kama kuita jina Juma katika darasa lenye Juma wawili. Tuliipa safu ya juu njia ya kwanza, ya chini ya pili, na miguu ya tatu. Kisha, katika picha ya kinanda iliyo kiooni, tulibofya kila safu kwa upande wa kulia wa kipanya, tukaiamuru programu isikilize, tukabonyeza kibao kimoja, ikatambua ni nani anayesema. Vipini vya kuvuta sauti tulivifundisha kwa njia hiyo hiyo, kila kimoja kikapewa kitufe chake.

Likaja jambo la kuchelewa. Mara ya kwanza tulipopiga wimbo, sauti ilifika nyuma ya kidole kama mwanafunzi aliyeisikia kengele akiwa bado mtoni. Kompyuta hukusanya sauti katika mafungu kabla ya kuitoa, na fungu likiwa kubwa, lachukua muda. Tulilipunguza hadi sampuli 256, ambazo kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni kama elfu tano za milioni ya sekunde, yaani milisekunde tano. Muda huo sauti husafiri chini ya mita mbili hewani. Mpigaji wa kanisa kubwa ambaye mabomba yake yako mita kumi mbali hungoja zaidi ya hapo, karibu milisekunde thelathini, na hulalamika kwa nadra. Kwa hiyo tusiilaumu kompyuta kwa kila kosa la vidole vyetu.

Umeme ni hadithi nyingine, na Juba kila mtu ana yake. Yetu ni paneli ya jua na betri. Rekodi zote hupakiwa kwanza katika kumbukumbu ya kompyuta, na umeme ukikatika kumbukumbu hufutika, na kinanda kizima cha Friesach lazima kipakiwe tena huku mtu akinywa chai. Kumbukumbu yetu ni ndogo, basi huacha sauti nyingine nje. Noti za chini kabisa, zile zenye mitetemo thelathini na tatu hivi kwa sekunde, spika zetu haziziwezi. Tulidhani tumerekodiwa kimya, mpaka tulipovaa vipokea sauti vya masikioni. Na liko jambo ambalo bado latushangaza. Mabomba ya kweli hupanda sauti hewa ikipata joto, na mpigaji wa nchi za jua hulijua tatizo hilo. Mwezi wa Machi, chumba chetu kikiwa na nyuzi thelathini na saba, jasho likidondoka juu ya vibao, kinanda chetu hukaa katika ubaridi wa usiku ule wa Austria, hakipandi hata kidogo.

Kilikuwa kizuri. Twasema ukweli, kilikuwa kizuri kuliko chochote tulichowahi kukigusa. Lakini si kwa ajili ya Friesach tulikibeba kile kipande cha plastiki katika mfuko wa shati.

Desemba ile ya mwaka 2022, tulipofika nyumbani, tulikuta mchwa wameingia katika kabati la kinanda cha baba. Mama alikuwa amekwisha kuahidi kuwapa mafundi mbao zilizosalia. Mivukuto bado ilishika hewa, kwa shida. Kati ya vibao sitini na kimoja, vinne vilikuwa bubu, na viwili katika hivyo vilikuwa bubu tangu utoto wetu. Tukamwomba Mama majuma mawili. Usiku tatu, baina ya saa nane na saa kumi, pikipiki zilipolala, mdogo wetu alikanyaga na sisi tukarekodi noti hamsini na saba, moja baada ya nyingine, kila moja ikishikwa kwa sekunde nane. Kisha tuliandika faili la maelezo, mistari kwa mamia, ya kuiambia programu kila kibao kina rekodi gani. Nambari moja ikikosewa, programu hukataa kufungua. Mwalimu aliyesahihisha insha kwa miaka ishirini alijikuta akisahihishwa na mashine isiyotoa hata nusu alama.

Noti nne bubu zilitupa mabishano na nafsi zetu. Programu inaruhusu kuazima rekodi ya noti jirani na kuivuta ipande au ishuke kidogo, na sikio la kawaida lisingetambua. Viwili vilivyokufa karibuni tuliviazimia. Vile viwili vya zamani tuliviacha. Baba alikuwa amekwisha kuvizoea, akivizunguka kwa kidole cha jirani, na wimbo ukipigwa bila tundu lile haukuwa wa kwake.

Mwezi wa Aprili kilikuwa tayari. Jumapili moja usiku, ndege zikiwa zimepungua, tulimpigia Mama simu, tukaiweka karibu na spika, tukapiga wimbo ambao baba aliupenda. Mama alisikiliza hadi mwisho.

“Ni chenyewe,” alisema. “Nasikia kanyagio la kushoto linavyolia. Nani anakuvukutia?”

“Hakuna mtu, Mama. Ni kompyuta.”

Akanyamaza kidogo. “Ndiyo maana hupumziki,” alisema. “Umepiga kama mtu anayekimbizwa.”

Tuliukata usiku ule tukiyafikiri maneno hayo. Ili rekodi ya sekunde nane iweze kulia dakika nzima, programu hurudia kipande chake cha katikati tena na tena bila mshono kusikika. Sauti ya namna hiyo haichoki. Vidole vyetu, vilivyozoea kukata mwisho wa mstari kwa sababu mtoto aliye chini amechoka, havikuwa na tena sababu ya kukata, na sisi wenyewe hatukutambua. Lile ganda, ambalo tulilionea haya pale uwanjani, halikuwa tupu: kelele ya mbao ilikuwamo, shaba ilikuwamo, hata pumzi za mdogo wetu zilizosikika katika noti mbili zilikuwamo. Kilichokosekana ni uchovu.

Dawa tuliyoipata si ya kitaalamu, na huenda mafundi wakaicheka. Programu ina mahali pa kupokea kanyagio la kuongeza na kupunguza sauti, ambalo kwa kawaida mguu huliweka mahali na kuliacha. Tulilifunga springi ya mlango wa chandarua, ili likiachwa lirudi juu na sauti ifife. Sasa kinanda hakilii mpaka mtu akanyage, na lazima aendelee kukanyaga, na springi ile ni ngumu kiasi cha kuuma paja. Sauti za Friesach hatukuzifunga nayo. Hizo ziendelee kutochoka.

Mwezi wa Juni tulikwenda tena uwanjani kumpokea mgeni wa shule, tukamkuta yule binti wa ushuru mezani pake. Alitutambua kabla hatujasalimu.

“Mwalimu wa kitanda! Ile upepo ulipata?”

Tukamkaribisha nyumbani, kwani ni mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka pale. Alikuja Jumapili ile, pamoja na mdogo wake wa kiume wa miaka kumi hivi, ambaye hakujua Kiswahili, bali alijua kuuliza *de shunu?* kwa kila waya. Binti alizitazama mbao zake za zamani, sasa zikiwa zimekaa mahali pake, akauonyesha kwa kidole ubao wa msaji na kuuliza huu ni wa wapi. Tulimpigia kidogo cha Friesach, akafunga macho. Kisha tukafungua kinanda cha baba, na kwa kuwa mguu wetu ulikuwa umechoka, tukamwomba yule mtoto aketi sakafuni alikanyage kanyagio kwa mikono.

Alianza kwa kasi mno, sauti ikaruka. Dada yake akamwambia neno, akapunguza. Tukapiga ubeti mmoja. Katikati ya wa pili ndege ikapita juu ya paa, mtoto akaacha kanyagio akakimbilia dirishani, na kinanda kikanyamaza. Tukangoja. Aliporudi tukaendelea pale pale tulipokuwa tumeachia, na tulipofika mahali pa lile tundu, kidole chetu kikaruka, binti akageuza uso.

“Hapo imekufa, Mwalimu?”

“La. Hapo ndivyo ilivyo.”

“Sawa,” alisema, na kumwashiria mdogo wake akanyage.